Digrii Ishirini za Tanuri

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Umeamkaje hapo Himbi? Goti limetulia, au bado linakusumbua ukishuka sokoni Kituku na beseni la samaki? Huku baridi imenipasua midomo, lakini nakula.

Mama, nimesalitiwa, na aliyenisaliti ni Patient, mtoto wa jirani yetu, yule mama unayesali naye kanisani. Alipokuja huku chuoni, uliniambia nimpokee kama mdogo wangu. Nilimpokea, naye huniita yaya, dada mkubwa. Hata kuwasha tanuri la labo, maabara yetu, nilimfundisha mimi.

Kazi yangu unaijua: nina madini yenye tabaka nyembamba kama karatasi za daftari. Katikati ya tabaka naingiza shaba, kisha napasha moto nione kama itakaa. Miaka mitatu shaba ilikuwa inatoka. Mwezi uliopita ikakaa! Nililia peke yangu kwa furaha. Ni joto la mpakani, ukizidisha kidogo tu inatoka. Vipimo vyote niliviandika kwenye kaye, daftari langu, kwa Kiswahili, nikidhani huku hakuna wa kuvisoma. Nilimsahau wa kwetu.

Jumatatu Patient akasimama mbele ya profesa wetu, akaonyesha vipimo vyangu kama vyake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nikamfuata nje.

"Patient, ile kazi ni ya nani?"

"Yaya, usikasirike. Si tuko bantu ba nyumba moya? Yako na yangu ni kitu kimoya."

Nikamwacha pale pale, Mama.

Sasa sikiliza. Kipimo cha tanuri letu lile la zamani kinazidisha digrii ishirini. Hilo siliandiki kwenye kaye; hizo ishirini nazitoa kichwani mwishoni, kama wewe na mizani yako inayozidisha robo kilo. Patient amenakili namba zilivyo. Kesho wanarudia jaribio mbele ya wageni, kwenye tanuri jipya lisilozidisha. Moto utazidi, shaba haitakaa.

Jana alinijia. "Yaya, ile joto uliandikaka mu kaye, iko sawa?"

Nikakukumbuka pale Kituku, unavyomwambia kila mteja, "Toa robo, hii mizani inadanganya."

Nikamjibu, "Iko sawa."

Nisalimie dada Zawadi anayekupikia, na baba mdogo wa Kalengera, shamba lake limpe mavuno. Mama Patient akiuliza habari za mwanawe, mwambie ni mzima.

Na Jumapili hii, Mama, usinisifu kanisani kama ulivyozoea.

Ni mimi binti yako,
Furaha