Kwa Ishbel, Mwenye Kitambaa cha Pudingi

Mwaka umezunguka, Ishbel mdogo wetu, tangu utuache asubuhi ile ya Machi, theluji ikiwa bado haijayeyuka mlangoni pako. Tunakuandikia hapa gazetini kwa sababu majirani wa hapa Kinloy nao walikuhesabu kuwa wao. Kalamu wamenipa mimi, dada yako Effie, eti ndimi nisiye na haraka.

Tunaikumbuka mikono yako. Ilifuma kitani kiwandani tangu u msichana, na siku kiwanda kilipofungwa ulirudi nyumbani na kipande kimoja tu cha kitambaa. Ukasema, "Hiki hakitakuwa pazia wala shuka. Hiki ni cha pudingi."

Kikawa cha pudingi kweli, ile keki ya kuchemshwa ndani ya kitambaa. Kila mtu wa nyumba hii alipofika siku yake ya kuzaliwa, ulikimwagia maji ya moto, ukakipaka unga, ukafungia ndani yake mzigo wa unga, zabibu kavu, mafuta ya ng'ombe, mdalasini na shira nyeusi, ukautumbukiza kwenye sufuria kubwa. Hukupima kitu. Binti yako Rhona alipokuuliza unga kiasi gani, ulimwambia, "Mpaka mkono useme basi."

"Mkono wangu hausemi, Mama!"

"Basi ni bubu kama baba yako."

Uzi uliufunga ukaacha nafasi, pudingi ipate pa kuvimbia. Ndani ya sufuria, chini kabisa, uliweka sahani, kisha ukaketi kando na soksi yako ya kufuma, unasikiliza. Sahani ikigongagonga, mambo ni mazuri. Ikinyamaza, maji yamepungua. Saa zote hizo hukuondoka jikoni.

Na ukishaanika kile kitambaa kwenye kamba ya nje, mtaa mzima ulijua kuna sherehe, watu wakaja na sahani zao. Asiyekuja ulimpelekea. Hata mzee Tullis wa ng'ambo ya barabara, aliyeacha kutusalimu kwa ajili ya ugomvi wa ua wa michongoma. Wattie mumeo alikuwa akinung'unika, "Unamlisha mtu asiyejua hata kusema asante?" Nawe, "Mimi nampa pudingi, Wattie. Asante ni shauri lake."

Mwaka jana siku ya kuzaliwa ya Rhona ilikukuta hospitali. Ulifumbua macho ukauliza, "Nani anaangalia maji?" Tulitazamana, hakuna aliyekujibu. Siku chache baadaye ukaenda zako.

Tangu hapo kitambaa kikakaa mgongoni mwa kiti chako. Wattie alikiweka mwenyewe, na hakutaka mtu akiguse. Siku za kuzaliwa tulinunua keki za dukani, Ishbel, zile zenye rangi ya waridi. Tulikula tukiangalia chini.

Juma lililopita Rhona alimwendea baba yake. "Baba, nakiomba kitambaa. Jumamosi natimiza arobaini."

"Nenda dukani."

"Sitaki cha dukani. Nataka cha Mama."

"Hakiguswi! Bado kina mdalasini wake. Kikichemshwa harufu imekwisha, na mimi sina nyingine."

"Kwa hiyo mimi sikufiwa? Umefiwa wewe peke yako?"

Rhona alivaa koti akatoka, mlango akaubamiza. Simu tukampigia, hapokei. Hapo ndipo nilipoogopa, mdogo wangu. Kukukosa wewe tulikwisha kuzoea kidogo, lakini baba na binti wakikosana hivi, nyumba yako ingebaki na nini?

Nilikwenda nikaketi na Wattie. Nikampikia chai. Baadaye nikamuuliza, "Shemeji, harufu hiyo kitambaa kiliipata wapi?"

"Kwa Ishbel."

"Ishbel alinukia sabuni. Hiyo ya mdalasini kiliipata sufuriani, kwenye hayo hayo maji unayoyaogopa."

Alikitazama kiti chako mpaka chai ikapoa.

Jumamosi asubuhi akampigia Rhona simu mwenyewe. Maneno yake yalikuwa matatu tu: "Njoo na zabibu."

Ungetucheka, Ishbel. Rhona alitia unga, akasimama, akatia tena, akiutazama mkono wake kama anayengojea useme. Wattie akashika uzi, akataka kukaza kama anafunga gunia la viazi. "Legeza, Baba, itapasuka!" Kisha Wattie akavuta kiti chako karibu na jiko, akaketi. Hatujawahi kumwona akikikalia. Sahani iliponyamaza aliruka, akajaza jagi maji ya bombani. Tukapiga kelele wote wawili, mimi na Rhona, "Ya moto! Ya birika!" Akasema, "Kumbe nyie wawili ndio mmerithi mdomo wake."

Kisha harufu ikaanza. Ikatoka jikoni, ikapanda ngazi, ikaingia mpaka kwenye makoti yaliyotundikwa. Wattie aliinamisha kichwa, Rhona akamshika bega.

Ngozi ya nje ya pudingi, ile inayotokana na unga unaopakwa kitambaani, ilishika, ila upande mmoja ilibaki kitambaani, maana unga haukutosha pale. Wattie aliipiga pudingi kofi dogo, kama ulivyokuwa ukifanya. Kisha akafua kitambaa, akakianika mwenyewe nje kwenye upepo.

Hatujakaa kula, mlango ukagongwa. Mzee Tullis. Mkononi ana sahani yako ya maua ya bluu, ile uliyompelekea mara ya mwisho.

"Nimeona kitambaa," akasema. "Kwa dakika moja nikadhani..."

Wattie akamfungulia mlango wote. "Pangusa viatu, uingie."

Akamkatia yeye mwenyewe, kipande cha pembeni chenye ngozi pana kuliko vyote, kile tulichokuwa tukikigombania. Tullis akasema, "Asante, Wattie." Wattie akageuka kukitazama kiti chako, kama mtu aliyeshindwa mabishano ya miaka mingi na hakuchukia.

Unakumbukwa na mumeo Walter Geddes, Wattie wako, binti yako Rhona, mimi dada yako Euphemia, Effie wako, na majirani wote wa barabara yetu, mzee Tullis akiwamo.

Pumzika, Ishbel. Hutatutoka moyoni siku zote tutakazoishi. Na maji tunayaangalia.