Siafu Walipanda Mteremko

Alhamisi, 13 Machi
Chai, kisha mzunguko wangu wa boma. Mti wa muhuti wa kando ya choo umechanua maua mekundu, bila jani hata moja. Mvua iko njiani. Yule ndege mweusi wa kifua cheupe ametundika panzi kwenye miba ya seng'enge, mmoja bado anarusha mguu. Namwita Bucha. Watu husema mvua huleta uhai. Hapa kijijini Bahati, hutanguliza wachinjaji.

Jumamosi, 15 Machi
Ngurumo kavu upande wa Menengai. Upepo umegeuka.
Kuku mweusi wa jirani yangu Mama Shiku bado analalia mayai yangu. Jirani alinipa huyo kuku kwa mkopo, vifaranga tugawane nusu kwa nusu. Nikimkaribia ananidonoa mpaka damu. Tunaheshimiana.

Jumanne, 18 Machi
Siafu. Mstari mnene kama kamba ya ng'ombe, umetoka chini ya ua wa miti ya kei yenye miba. Wakihama hivi, wiki haiishi bila mvua. Walikuta mnyoo njiani, wakamkata vipande akijinyonganyonga. Nilitazama mpaka chai ikapoa.
Nikaenda kumwambia Mama Shiku apande mahindi kwa vumbi, asingoje mvua. Akanisikia. Kisha akasema, "Lakini Mzee, mwaga jivu kwa nyumba ya kuku, siafu wasiingie." Nikasema sawa.
Sikumwaga. Nilitaka kuona wataelekea wapi wakiachwa. Nina imani yangu: wakipanda mteremko, mvua itakuwa kubwa. Nikafunga mlango wa kuku kwa waya, sababu ya nguchiro, nikalala kama profesa.

Jumatano, 19 Machi
Walipanda mteremko. Nyumba ya kuku iko juu ya mteremko.
Waya niliukuta vile niliuacha. Kuku alikuwa juu ya mayai. Macho hana. Kichwa chote kinatembea siafu. Bado anapumua. Nimemkata shingo mwenyewe, siafu wakining'ata mpaka kwapani. Mayai mawili yalikuwa yameanza kutobolewa kutoka ndani. Waliingilia hapo.
Nimewamwagia mafuta taa, nikawasha. Wamelia kama chumvi kwenye moto. Nilifurahi. Nikawasha tena mahali ambapo hapakuwa na siafu hata mmoja.

Alhamisi, 20 Machi
Nimemwambia Mama Shiku. Ameangalia mikono yangu ilivyovimba.
"Jivu ulimwaga?"
Hapana.
"Na mlango ulifunga?"
Ndiyo.
Amerudi kusugua sufuria. Afadhali angenirushia hiyo sufuria.
Alasiri mvua imekuja na mawe. Imepiga mabati kama mtu anayedai kufunguliwa. Maua ya muhuti yamechanwa yote, yako kwa matope kama mahali pa kuchinjia. Nilikuwa sahihi. Hakuna aliyenipongeza.

Jumamosi, 29 Machi
Manyunyu tangu alfajiri. Mahindi ya Mama Shiku yametoboa udongo, safi kabisa. Yangu bado yako kwa gunia.
Leo ameongea nami mara ya kwanza tangu siku ile, kutoka upande wake wa ua.
"Mzee, leo umeona nini?"
Nimesema sijaona kitu. Nilikuwa nimemwona Bucha akibeba unyoya mweusi. Anajenga kiota.
Jioni nimetoa jivu jikoni, nikalimwaga kuzunguka nyumba ya kuku. Haina kuku. Nimemwaga tu.