Viti vya Mbele Ukumbini

4 Julai

Mwanangu kipenzi,

Habari za kambini? Goti limepona? Huku sisi wazima, ila presha ya baba yako hupanda kila timu yenu ikitajwa.

Jana nilimwuliza mwenye ukumbi wa video kama ataonyesha mechi yenu. Akacheka. "Mama, wanawake wakicheza mpira nani atatazama?" Nikamwambia, "Mimi. Golikipa ni mwanangu." Baba yako aliposikia akawaka: mkewe hawezi kubanana na wanaume wanaopiga kelele. Nimeendelea kupika, lakini sijakubali.

Mama yako

7 Julai

Shikamoo mama,

Goti halina neno. Nusu fainali ni Jumatano jioni. Nakuomba usigombane na baba kwa ajili yangu. Sikiliza redioni, yatosha. Nikijua nyumbani kuna amani, nitadaka kwa moyo mweupe.

Binti yako

12 Julai

Mwanangu,

Pole na uchovu, na pole kwa kufungwa. Penalti ile hata ukuta ungeikosa.

Redio sikuigusa. Shangazi yako alifunga cherehani yake, tukawapitia wanawake wa sokoni, tukaingia ukumbini na kujaza viti vyote vya mbele. Mwenye ukumbi akasema, "Leo kuna marudio ya ligi." Shangazi yako akamjibu, "Katazame na mkeo. Sisi tumelipa kiingilio." Mwenye ukumbi akabadilisha chaneli huku amenuna.

Wanaume nyuma waliguna mpaka ulipopangua lile shuti la kwanza. Wakaruka kama wao ndio waliokufundisha! Ulipofungwa, jamaa mmoja akazomea. Nikapanda juu ya kiti: "Huyo nimemzaa mimi. Zomea tena nikusikie!" Jamaa akaketi.

Niliporudi nilikuta mlango umefungwa kwa ndani. Baba yako akasema dirishani, "Huingii mpaka uombe radhi." Sikubembeleza. Nimehamia kwa shangazi yako, nalala katikati ya vitambaa. Jana baba yako alikuja kuidai hiyo radhi. Nikamwuliza, "Kwa kosa gani? Kumtazama mwanangu akiwa kazini?" Akageuka, akaondoka. Imeniuma, sikufichi. Lakini sirudi kwa kuinama.

Usilie, wala usiniombee msamaha kwa mtu. Jumapili mnagombea nafasi ya tatu. Mwenye ukumbi ameniuliza mwenyewe tutakuja wangapi. Nimemwambia aongeze mabenchi.

Mama Golikipa