Mwalimu wa Inhela Afundishwa Merikit

Mama mpendwa,

Natumai kifua kimekupa nafuu wiki hii. Ningekupigia simu, lakini ungenicheka nikikusikia, ndiyo maana nimenunua kadi hii yenye picha ya mwamba wa Tororo.

Sisi wahudumu wa afya wa Busia tumeungana na kikundi cha akina mama wa huku Merikit, wilayani Tororo, kusaidia wenye pumu. Jana nilisimama mbele yao, kitambulisho shingoni, nikawaonyesha jinsi ya kutumia inhela. Nikabonyeza, nikavuta kwa nguvu kama mtu aliyeona nyoka, nikashusha pumzi hapo hapo. Nikangoja makofi.

Mama Apio, ambaye ana pumu tangu utotoni, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe navuta haraka sana. Dawa naishia mdomoni. Toa hewa kwanza, kisha vuta polepole, kama mrija wa malwa, halafu shika ndani."

Muuguzi wao akasema ndivyo. Basi mimi, mwanakwaya ambaye hajawahi kukaribia chungu cha pombe hiyo ya ulezi, nikafundishwa kuvuta mrija na kikundi kizima mpaka nikaweza.

Sasa Mama, wewe ulifundishwa inhela na mimi. Miaka yote nimekugombeza kwamba dawa haikusaidii kwa sababu unaisahau. Hukuisahau. Vuta polepole, shika pumzi, hesabu hadi kumi, ndipo unikasirikie.

Binti yako mwenye kitambulisho,
Nekesa