Nani Atamsemea Neema

Kigali, Kimironko
Jumanne

Papa yangu,

Nakusalimu kutoka upande huu wa msitu wa Nyungwe, nikiwa na afya na hasira, vyote viwili kwa kipimo kizuri. Na wewe, goti linasemaje? Bado linakataa ngazi za kanisa, au ile dawa ya kupaka niliyotuma imekubali kufanya kazi? Maman ameacha kubeba maji mwenyewe? Na lile bati la jikoni ambalo upepo wa ziwa ulikuwa unalichezea, limepigwa misumari au bado tunangoja Tonton apate nafasi?

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Kila nikikupigia, Maman anaweka sauti ya juu, na kabla hujafungua mdomo nimeshajibiwa na nyumba nzima, na jirani, na yule mama wa ndizi anayepita. Barua haina sauti ya juu. Utaisoma peke yako, na mimi nitaongea mpaka mwisho bila kukatwa.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi Maman alinieleza mipango ya siku ya mdogo wangu Neema kuombwa na wakwe. Mipango mizuri, kama kawaida yake: hema mbili zikitazamana, yetu na ya wakwe, viti vya kukodi, maziwa, Fanta, kila kitu. Kisha akasema: "Weye utakuja na kamera zako, batu baone. Utakaa na bamama, utasaidia kugawa vinywaji. Fideli njo atasema."

Fideli mtoto wa Tonton, mdogo wako! Papa, Fideli ni kijana mzuri, nampenda, lakini kwenye ubatizo wa mwanawe mwenyewe padri alimuuliza jina la mtoto akageuka kumtazama mkewe. Nikauliza kwa nini nisiwe mimi msemaji wa familia. Ndipo nikasikia sauti yako kwa nyuma, kwa mara ya kwanza siku hiyo: "Mwanamuke hasimamake mbele ya bakwe. Batasema nyumba yangu iliishaka banaume." Nikasikia mlango. Ulikuwa umeshatoka.

Tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga. Jana nilitia chumvi kwenye chai na nikainywa hadi nusu ndipo nikatambua. Kwa hiyo nakwambia yote niliyo nayo, halafu uamue.

Hujawahi kuniuliza nilivyofika kwenye kile kiti cha televisheni. Kwako wewe ni "ile kazi yako ya kuongea-ongea." Mwanzo wake unaujua, kwa sababu ulinikuta: soko la Kamembe, megafoni mkononi, natangaza magodoro ya yule mfanyabiashara wa dukani pembeni. Ulivuka ukapita upande mwingine wa barabara. Nilikuona, Papa. Nikaendelea kutangaza. Kutoka magodoro nikaenda kwenye redio ndogo, kusoma bei za soko kwa Kiswahili, maana wale mama wanaovuka kutoka Bukavu walikuwa wanadanganywa bei mchana kweupe. Kutoka redio nikaja huku.

Kwenye televisheni mkurugenzi alinisikiliza kidogo, akacheka. "Hiki ni Kiswahili cha sokoni," alisema. "Sisi tunataka cha pwani." Walikuwa na bwana mmoja wa hicho cha pwani, anavaa tai nzuri. Kila mgeni aliyesema "batoto" alisahihishwa hewani, watu wote wakisikia, na wageni wakafunga midomo kama chupa. Kipindi kikafa. Mimi nikarudi kwa mkurugenzi kuuliza bei ya ile saa iliyokufa. Alidhani natania. Nikamwendea yule yule wa magodoro, nikamwambia: saa moja ina dakika sitini, kumi na mbili ni za magodoro yako, arobaini na nane ni zangu, na ndani ya zile zangu huingizi neno. Alikubali tukiwa bado tumesimama mlangoni.

Kwa hiyo sikupewa kiti. Nilikikodi. Na kabla yangu hapakuwa na mwanamke aliyekaa pale, kwa hii lugha yetu ya kuvuka mto, akawauliza watu maisha yao. Wakubwa niliowaalika walikataa, mmoja akasema hakai na muuza magodoro. Nikamleta mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza mpakani. Nikamleta dereva wa moto, pikipiki ya abiria. Nikamleta mchungaji aliyekimbiwa na mkewe. Waliongea kama wako jikoni kwao. Haukupita mwaka wale wakubwa wakaanza kunitafuta wao, na mkurugenzi akawa anasema kwenye mikutano kwamba wazo lilikuwa lake.

Leo hapa Kimironko siwezi kununua nyanya kwa amani. Juzi mama mmoja alinizunguka kama anakagua mbuzi, akasema, "Kumbe uko mufupi hivi!" Mwenye nyumba alipoona uso wangu kwenye bango la barabarani akapandisha kodi. Kutwa nauliza watu. Nikirudi, hakuna wa kuniuliza hata kama nimekula. Sisemi hivyo unionee huruma. Nasema ujue kwamba kile kiti kina gharama, na nimeilipa mwenyewe.

Na kazi yenyewe niliipata wapi? Kwako. Nilikuwa mdogo, nabeba kreti za Fanta nyuma ya viti kwenye sherehe za watu, na wewe ulikuwa msemaji anayegombaniwa na familia tangu Bukavu hadi huko kwetu. Wasemaji wengine walipiga kelele na kurusha vichekesho. Wewe uliuliza swali moja, ukakunja mikono, ukatazama nyasi. Hema zima lilinyamaza mpaka upande wa pili ukajibu kweli. Mimi nafanya hivyo hivyo. Hivi karibuni nilikuwa na tajiri mmoja studio, nikamuuliza kwa nini mama yake bado anaishi kwenye nyumba ya kupanga. Akanyamaza. Mwongozaji akanipigia kelele sikioni, "Riziki, sema kitu! Sema kitu!" Nikakunja mikono. Yule mtu akajifuta macho, akasema ukweli wake wote. Baadaye mwongozaji akaniuliza nilisomea wapi ujanja ule. Nikamwambia, nyuma ya viti, Kamembe.

Sasa sikia kwa nini hiki si kiburi tu. Jumapili Neema alinipigia kutoka kwenye atelier yake ya kushona, ameacha cherehani inalia ili wale wasichana anaowafundisha wasisikie. Baba wa mchumba wake Elie, yule mzee mwenye mashine ya kukoboa mchele Bugarama, amemwambia mwanawe kwamba mke wa nyumba yake hatakuwa na atelier Kamembe. Akishaolewa atashuka Bugarama, akae kwenye duka la mchele. Elie hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anasema, "Papa atabadilika."

"Na Maman anasemaje?" nikamuuliza.

"Eti tutaongea kisha ndoa, nikishaolewa."

"Na weye, Elie unamutaka?"

"Namutaka, Yaya, dada yangu. Na atelier naitaka. Juu ya nini nichague kimoja?"

Nikamwambia nitakuandikia wewe.

Papa, hili unalijua kuliko mimi. Neno lililoulizwa mbele ya hema mbili na kujibiwa mbele ya hema mbili halifutiki. Hata mwenye mashine ya mchele hawezi kulirudisha. Neno lililoachwa kwa "kisha ndoa" limekwisha. Tuna siku moja tu ya kuuliza: je, binti yetu ataendelea na kazi yake? Liulizwe kabla hatujasema ndiyo. Na upande wao anayesema ni ndugu ya yule mzee, mwalimu mstaafu, anayejulikana kwa kuvua familia za watu nguo kwa mizaha.

Alhamisi

Niliacha barua mezani kwa sababu Fideli alifika Kigali kununua suti ya siku hiyo. Nikampeleka studio saa ambayo hakuna kurekodi, nikamkalisha kwenye kiti changu. Mama Chantal, yule anayetupaka poda, mzaliwa wa Nkungu mwenye ulimi wake, akajifanya ndiye mwalimu mstaafu.

"Uliza," nikamwambia Fideli.

Akakohoa, akanyoosha tai. "Bazee betu, mutoto wetu iko na atelier. Tunauliza, ataendelea kushona?"

Mama Chantal akajiegemeza, akapapasa tumbo, akamtazama. Hakusema kitu.

"Ao," Fideli akasema, "kama ni mbali, anaweza kushona kidogo tu."

Mama Chantal kimya.

"Ao siku ya Jumamosi."

Kimya.

"Ao aache! Aache tu, ile mashine tutauzisha!"

Mama Chantal akaangukia sofa kwa kicheko. "Weye kijana! Sijafungua kinywa na umeshauzisha cherehani ya dada yako! Ningenyamaza tena kidogo ungenirudishia na ng'ombe zangu!"

Tukarudia. Mara ya pili aliitoa atelier haraka zaidi. Mara ya tatu akavua koti jipya kwa jasho, akakaa chini kwenye zulia.

"Yaya, mi siwezi. Ule mwalimu alinifundishaka primaire. Akiniangalia tu nasikia fimbo. Sema weye. Mi nitagawa Fanta na bamama, sina haya."

"Basi mwambie Papa hayo maneno."

"Papa mukubwa? Ule njo ananiogopesha kupita mwalimu!"

Nilicheka naye, nikamnunulia mishikaki, nikampandisha basi. Kisha nikarudi chumbani nikashindwa kukaa. Maana niliona kwa macho yangu itakavyokuwa: hakuna atakayemnyang'anya Neema kazi yake. Tutaitoa sisi wenyewe, kwa mdomo wetu, kwa kuogopa kunyamaza.

Mimi ni mtu wa hesabu, kwa hiyo fanya nami hesabu. Wanaume watano wa familia wamekataa niwe msemaji. Wanne kati yao wameshaniomba niwaonyeshe kwenye televisheni. Wa tano ni wewe, na wewe hujawahi kuniomba kitu. Wa sita, mliyemchagua ninyi wenyewe, anasema nisimame mimi. Unaogopa watasema nyumba yako imeishiwa wanaume. Na Neema akishakaa Bugarama anapima mchele, cherehani zake zimeuzwa, watasema nini? Watasema nyumba ya msemaji mkubwa wa Kamembe ilitoa binti bila kuuliza swali. Chagua lile unaloweza kulisikia ukapata usingizi.

Kamera sileti. Mwambie Maman mapema asije akawaahidi watu. Nimeomba ruhusa kazini, nitavaa umushanana wa kawaida, nitasalimia wazee kwa mikono miwili, na yule mwalimu akirusha mizaha nitacheka kama wengine. Nitauliza swali moja, halafu nitangoja, hata kama maziwa yatapoa. Ninachokuomba wewe ni kusimama muda mfupi na kusema, "Msemaji wetu ni Riziki, binti yangu mkubwa," ukakaa. Hakuna mkwe atakayekubishia ndani ya hema lako.

Usipokubali, sitakuaibisha. Sitanyanyuka kutoka kwa bamama na kunyakua mikro. Hivyo sivyo ulivyonilea. Lakini na kugawa vinywaji huku mdogo wangu anatolewa kimya kimya, siwezi. Nitashuka Bugarama peke yangu siku moja kabla, niende pale kwenye mashine, nimkute yule mzee katikati ya magunia, nimuulize mbele ya wapakiaji wake. Najua kwamba upande wa binti hauendi kwa watu namna hiyo. Watacheka, watasema tumekwenda kujipeleka. Wacheke. Jibu nitalileta nyumbani hema zikiwa bado zimekunjwa, na hapo utajua unampa nani mtoto wako.

Nisalimie Maman, na umwambie sijamkasirikia. Nimekasirika tu, na yeye yumo humo ndani. Msalimie Tonton, umwambie mwanawe ni mwungwana kuliko wanaume wengi ninaowahoji. Msalimie shangazi anayeniombea kila Jumatano nipate mume, aendelee, ila asitaje sura. Msalimie mwalimu wa kwaya, jirani yetu. Na Neema umwambie asifunge oda za watu za mwezi ujao, apokee zote.

Usijisumbue kutafuta kalamu unijibu. Ijumaa ya wiki ijayo, siku moja kabla ya sherehe, saa nane mchana, nitashuka gare ya Kamembe. Magari ya Bugarama yanapakia pale pale, nitayaona. Nitasimama kwanza na mzigo wangu, nitazame kama umemtuma mtu kunichukua; nisipomwona, nitajua jibu lako.

Ni mimi binti yako wa kwanza,

Riziki