Niliwaambia Julai

Waithera uko? Nimejifungia kwa choo ya ofisi.

Unakumbuka ile familia ya Loresho, wateja wangu wa kwanza, nikawachagulia Austria waende kuteleza kwa theluji? Wamefika leo.

Wametuma picha. Ni nyasi Waithera!! NYASI. Na ng'ombe wamevaa kengele. Watoto wamesimama hapo na majaketi, ski begani.

Si Julai ni baridi? Si hapa tunavaa sweta mbili? Kumbe huko ni kiangazi 😭

Bosi ameuliza mbele ya ofisi yote, "Nani aliwaambia Julai?" Akarudia pole pole. "Nani. Aliwaambia. Julai."

Na hajajua bado kuhusu kwaya ya Uthiru, nao wanafuata hiyo theluji. Watu kumi na wanane. Wako angani saa hii.