Kaburi la Kwenye Gemu

Mahongole, Makambako
Juni 2002

Shemeji Fahadi,

Salamu. Baridi imeanza, watoto wanakohoa kidogo. Jana jirani yetu Oliva alirudi na gazeti kutoka Njombe akishangilia, "Shemeji yako kaandika!"

Nimeisoma makala yako. Umeisifu ile gemu ya kompyuta ya kupigana na mashetani makaburini. Umesema makaburi yake yanatisha kuliko kaburi la kaka yako Sudi, lililojaa maji ya mvua mkayachota kwa sufuria.

Sisi wanawake hatukwenda kuzika. Nilipokuuliza mlimlazaje mume wangu, ulilia, ukasema, "Shemeji, mdomo haufunguki." Nikakuonea huruma, sikuuliza tena.

Wasomaji wako umewaambia. Sasa niambie na mimi: mlipomlaza, maji yalikuwa yamekwisha?

Mke wa kaka yako,
Rukaiya